Nyoka Wala Panya: Funzo la Asia kwa Wakazi wa Thika na Ruiru

 

Lengo la mhadhara huu ni kuonyesha kwamba mkazi wa Thika au Ruiru anayeweza kutambua aina ya nyoka, na anayejua mahali nyoka huyo alipo na sababu ya kuwa hapo, yuko salama zaidi kuliko jirani yake anayeua kila chenye magamba. Ili kulifikia lengo hilo mhadhara utaanzia mbali, katika mashamba ya mpunga ya bara la Asia, ambako nyoka mla panya amechunguzwa na wataalamu, amechunwa ngozi kwa maelfu, amewekewa sheria ya kumlinda, na bado anapigwa magongo kwa kudhaniwa kuwa swila. Kisha utarudi kwenye mibuni, mananasi na nyumba mpya za ukanda huu, ambako kisa hichohicho kinaendelea bila kuandikwa. Ufafanuzi mmoja unahitajika kabla ya kusonga mbele. Reptilia ni wanyama wenye uti wa mgongo na ngozi ya magamba makavu, ambao miili yao hutegemea joto la jua na la ardhi badala ya kujitengenezea joto lao wenyewe kama wafanyavyo ndege na mamalia; katika kundi hilo wamo nyoka, mijusi, vinyonga, kenge, kobe, kasa na mamba.

Hoja ya Kwanza: Nyoka wa shambani Asia ana thamani inayoweza kuonekana

Nyoka mla panya anayejulikana zaidi barani Asia ni yule ambaye wataalamu humwita Ptyas mucosa, na ambaye Carl Linnaeus wa Sweden alimwingiza katika orodha ya wanyama mwaka 1758. Makazi yake yanaanzia Iran na Turkmenistan, yakapitia Pakistan, India, Nepal na Sri Lanka, hadi kusini mwa China na visiwa vya Indonesia. Ni nyoka mrefu na mwembamba, wengi wakifikia mita 2 na wachache wakipita 3, mwenye macho makubwa na rangi ya kahawia au kijivu yenye mistari myeusi karibu na mkia. Huwinda mchana, huenda kwa kasi, hupanda miti na kuogelea, na hula panya, vyura, ndege na mijusi bila kutumia sumu, kwa kuwa meno yake hayana uwezo wa kumdhuru binadamu zaidi ya kumchubua.

Wakulima wa mpunga na miwa wamekuwa wakimwona nyoka huyu kila siku kwa karne nyingi, na hata hivyo hawakukubaliana juu yake. Akibanwa hupanua shingo, huinua kichwa na kutoa sauti nzito ya kunguruma, na mtu aliyeshtuka humwona swila kwa urahisi. Madume wawili wanapokutana wakati wa kujamiiana huinuka, husokotana na kusukumana kila mmoja akijaribu kumlaza mwenzake chini. Watazamaji wengi huliita tendo hilo mapenzi ya dume na jike, ilhali ni mashindano ya nguvu baina ya madume, na hakuna anayemuuma mwenzake hadi kumwua.

Thamani yake ilitambuliwa kwanza na wafanyabiashara wa ngozi. Mikoba, viatu na mikanda ya karne ya 20 ilitumia ngozi za nyoka huyu kwa wingi, zikitoka India na baadaye Indonesia na nchi jirani. India ilipiga marufuku usafirishaji wa ngozi za nyoka mwaka 1976, na mwaka 1990 nyoka huyu aliwekwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, yaani mkataba unaozitaka nchi zisafirishe spishi kama hizo kwa kibali na kwa kipimo kisichowamaliza. Marufuku ya India iliacha tatizo la haki, ambalo mhadhara huu unaliona kuwa zito kuliko hata suala la ngozi zenyewe. Wairula, jamii ya kusini mwa India iliyokuwa ikiishi kwa kukamata nyoka na kuuza ngozi, ilipoteza riziki yake kwa siku moja. Mwaka 1978, kwa msaada wa mtaalamu wa nyoka Romulus Whitaker, walianzisha chama cha ushirika cha wakamata nyoka: wanachama hukamata nyoka wenye sumu, huwakamua kwa muda, huwarudisha porini, na sumu hiyo huuzwa kwa viwanda vinavyotengeneza dawa. Ujuzi uleule uliokuwa ukiwamaliza nyoka ukageuka kuwa chanzo cha sumu inayotegemewa na sehemu kubwa ya viwanda vya dawa za nyoka nchini humo. Uhifadhi uliompuuza mwindaji ulikuwa dhuluma kwake. Uliomheshimu mwindaji kama mtaalamu ulidumu hadi leo.

Hoja ya Pili: Panya wa Asia alifika hapa, nyoka wake hakufika

Wasikilizaji wengi watashangaa kusikia kwamba panya mweusi anayepanda dari za nyumba na maghala ya Thika asili yake ni Asia Kusini. Alivuka Bahari ya Hindi katika mashua zilizobeba nafaka na bidhaa nyingine, na wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata mifupa yake Unguja Ukuu, bandari ya kale ya Zanzibar, katika tabaka za karne za 7 na 8. Njia za misafara na baadaye reli vilimsogeza bara. Reli ya kutoka Mombasa ilijengwa kati ya mwaka 1896 na 1901; mwaka 1902 ugonjwa wa tauni, unaoenezwa na viroboto wa panya, ulizuka katika soko la Wahindi mjini Nairobi, na soko hilo likateketezwa kwa amri ya serikali. Tawi la reli lilifika Thika mwaka 1913. Mabohari ya kahawa, katani na mahindi yaliyofuata reli hiyo yalimpa panya mgeni kila alichokihitaji.

Alipofika alimkuta mwenzake wa kienyeji, panya wa shamba mwenye matiti mengi, ambaye jike lake huweza kuzaa zaidi ya watoto 10 kwa mimba moja ya siku takriban 23. Mkulima yeyote wa mahindi upande wa Gatuanyaga au Ngoliba anafahamu maana ya hesabu hiyo baada ya mvua nzuri: mbegu hufukuliwa kabla ya kuota, na magunia hutobolewa kabla ya kufika sokoni. Na chini ya ardhi, katika shamba la viazi vitamu na majani ya nepia, yupo fuko, ambaye wakulima wa Kiambu humtegea kwa kijiti kilichopindwa na waya kwenye mdomo wa shimo lake, na mara nyingi humlipa mtegaji kwa kila kichwa.

Nyoka mla panya wa Asia hakuvuka bahari pamoja na panya wake, na kazi yake hapa imebebwa na nyoka wenyeji. Wawili kati yao wanahitaji kutajwa kwa utaratibu.

Wa kwanza ni nyoka wa nyumbani. Ni wa rangi ya kahawia inayong'aa, mara nyingi asiyezidi mita 1 kwa urefu, na alama yake ni mistari miwili myembamba ya rangi ya krimu kila upande wa kichwa, mmoja ukipita juu ya jicho na mwingine chini yake. Hana sumu. Hutoka usiku, huingia katika mashimo na mapengo ya kuta, humkamata panya kwa mdomo na kumzingira kwa mwili wake hadi damu ya panya isimame, kisha humeza. Paka hukaa mdomoni mwa shimo akingoja. Nyoka huyu huingia shimoni na kula hata vitoto ambavyo bado havijafumbua macho, na hapo ndipo tofauti ya kazi zao ilipo. Sumu ya panya inayouzwa madukani nayo huua, lakini panya aliyeila hutoka akilegea na kuliwa na bundi, na bundi akafa pamoja naye. Kwa njia hiyo mwenye ghala humwondoa mwindaji mwingine aliyekuwa akimfanyia kazi bure.

Wa pili ni nyoka wa fuko, nyoka mnene wa nyanda za juu mwenye kichwa kidogo na pua iliyochongoka, anayeishi katika nyasi na mashimo ya ardhini na kula panya na fuko. Huyu hatagi mayai. Huzaa watoto hai, na uzao mmoja huweza kupita watoto 30. Wakubwa wake wengi ni weusi au kahawia iliyokolea, na kwa sababu hiyo hupigwa mawe kila mahali kama swila. Inapasa kusemwa kwa huzuni kwamba mkulima anayemlipa mtegaji wa fuko asubuhi, na jioni akamwua nyoka wa fuko kwenye mpaka wa shamba lake, amelipa mara mbili kwa kazi moja. Nyoka huyu hapanui shingo kama swila, hasimami wima kwa muda mrefu, na hana sumu. Ila huuma kwa nguvu akishikwa, kwa hiyo sifa zake zisichukuliwe kuwa ruhusa ya kumshika.

Mila za pande zote mbili za bahari zilikuwa na busara yake katika jambo hili. Waandishi wa mwanzo wa karne ya 20 waliandika kwamba katika baadhi ya familia za Wakikuyu nyoka aliyeingia nyumbani hakuuawa, bali alimwagiwa maziwa, kwa imani kwamba huenda ni roho ya mzee aliyetangulia. Wahindu nao, ambao vizazi vyao vimefanya biashara Thika tangu siku za mwanzo za mji, wana sikukuu ya Nag Panchami ya mwezi wa Shravana, ambapo nyoka hutolewa maziwa. Nyoka kwa kweli hanywi maziwa kama chakula, na wale wanaoonekana wakiyanywa katika sherehe za India mara nyingi wamenyimwa maji kwa siku nyingi kabla ya hapo, jambo ambalo watetezi wa wanyama nchini humo hulilaumu kwa haki. Hata hivyo desturi zote mbili zilimfundisha mwenye nyumba kusimama, kutazama na kumpa nyoka nafasi ya kutoka.

Hoja ya Tatu: Nyoka hawakuhamia mjini, mji ndio uliohamia kwao

Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu wakazi zaidi ya 238,000 katika mji wa Ruiru. Ile ya mwaka 2019 ilihesabu 490,120. Thika ilikuwa na wakazi 251,407 mwaka huohuo wa 2019. Kati ya sensa hizo mbili barabara kuu ya Thika ilikamilika, mwaka 2012, na mashamba ya kahawa yaliyokuwa na majina ya kale yakakatwa ploti. Ruiru, ambayo kituo chake cha utafiti kiliipa dunia mbuni uitwao Ruiru 11 uliotolewa kwa wakulima mwaka 1985, sasa inajulikana zaidi kwa nyumba za kupanga kuliko kwa kahawa.

Shamba la kahawa lina kivuli, matandazo ya majani makavu, mifereji na mashimo, na lina utulivu kwa miezi mingi ya mwaka. Hayo yote ni makazi bora ya reptilia. Tingatinga linapoyafuta kwa wiki moja, nyoka aliyekuwa na eneo lake la kuwinda hana pa kwenda, na kinachofuata kujengwa humvutia tena. Mawe ya kujengea yaliyochongwa Ndarugo na Juja hurundikwa kwenye ploti kwa miezi kadhaa mwenye ploti akitafuta fedha za kuendelea. Ndani ya marundo hayo mijusi huingia kwanza, panya hufuata, na nyoka huja mwisho. Taka za jikoni zisizozolewa hukamilisha karamu hiyo. Mama mwenye nyumba anayesema kwamba mtaa wake una laana ya nyoka kwa kweli ana mtaa wenye panya wengi, na panya hao wana chanzo kinachoweza kuondolewa.

Hapa ndipo nyoka wa hatari wanapostahili kuelezwa bila kupunguza uzito wa jambo. Moma, ambaye wengine humwita kifutu, ni mfupi, mnene, mwenye kichwa kipana na alama za pembe zinazoelekea mkiani zilizopangwa mgongoni. Hutegemea rangi yake kujificha, kwa hiyo hakimbii akisikia nyayo. Mtu humkanyaga njiani jioni au asubuhi na mapema, naye huuma mguu. Uzazi wake ni mkubwa: jike moja lililotoka Kenya na kufugwa katika bustani ya wanyama nchini Czech lilizaa watoto 156 kwa mara moja, idadi ambayo haijawahi kupitwa na nyoka mwingine yeyote aliyeandikwa. Swila mwenye shingo nyeusi naye hurusha sumu kwa umbali wa mita 2 na zaidi akilenga uso. Sumu hiyo ikiingia machoni huleta maumivu makali na huweza kuharibu jicho, na dawa ya kwanza ni maji safi mengi, papo hapo, kwa dakika nyingi, kabla ya safari ya hospitali. Wote wawili hula panya, na wote wawili hufuata panya hadi mlangoni.

Anayemwona nyoka asiyemtambua anashauriwa kurudi nyuma, kuwaondoa watoto, kumweka mtu mmoja amtazame nyoka kutoka mbali, na kuita Shirika la Huduma kwa Wanyamapori au mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Mafunzo ya kutambua nyoka yanatolewa kwa ajili ya utulivu wa akili na kwa ajili ya kumbukumbu ya nyoka walioonekana, na hayampi mtu yeyote cheo cha kumkamata nyoka kwa mikono.

Hoja ya Nne: Sumu ina kwao

Kinzasumu ni dawa inayotengenezwa kwa kumdunga farasi sumu ya nyoka kidogo kidogo hadi damu yake itengeneze kinga, kisha kinga hiyo husafishwa na kupewa mgonjwa aliyeumwa. Albert Calmette, daktari Mfaransa aliyekuwa Saigon alipoanza kushughulikia sumu ya swila wa Asia, alitangaza kinzasumu yake katikati ya miaka ya 1890, na aliamini kwamba ingefaa dhidi ya nyoka wote duniani. Charles Martin, aliyekuwa akifanya kazi Australia, alionyesha muda mfupi baadaye kwamba haikuwa hivyo: sumu za nyoka hutofautiana, na kinga ya moja si kinga ya nyingine.

Somo hilo lilisahaulika, na Afrika ndiyo iliyolipa gharama. Mwanzoni mwa karne hii hospitali za baadhi ya nchi za Afrika Magharibi na ya Kati zilianza kununua kinzasumu ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa India. Nyoka aliyekuwa akiuma watu wengi huko ni mdogo wa jamii ya moma, ambaye husugua magamba yake yakatoa sauti ya kukwaruza anapotishwa. India nayo ina ndugu yake wa karibu, na kwa macho ya mnunuzi walionekana sawa. Nchini Ghana, mahali dawa hiyo ilipochukua nafasi ya ile ya awali, vifo miongoni mwa walioumwa vilipanda kutoka chini ya asilimia 2 hadi takriban asilimia 12. Watu walifika hospitalini kwa wakati, wakapewa dawa yenye jina sahihi, wakafa. Hakuna mfano unaoeleza kwa uchungu zaidi kwa nini elimu ya nyoka wa hapa haiwezi kuazimwa yote kutoka kwingine.

Kenya huagiza kinzasumu kutoka nje, na kwa sababu hiyo swali la kuuliza katika kila kituo cha afya cha Kiambu lina sehemu mbili: je, dawa ipo, na imetengenezwa dhidi ya nyoka gani? Dawa inayotaja moma na swila warusha sumu wa Afrika ina maana hapa. Inayotaja nyoka wanne wakuu wa India haina. Wauguzi waliopo ukumbini wanalijua hili kuliko mhadhiri yeyote, na wananchi wanapaswa kuwaunga mkono wanapolidai.

Ukubwa wa tatizo haupaswi kufichwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani, na kwamba wanaobaki na ulemavu wa kudumu ni takriban mara tatu ya hao; India peke yake ilikadiriwa kupoteza watu milioni 1.2 kati ya mwaka 2000 na 2019. Mwaka 2017 Shirika hilo liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likatoa mpango wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Anayetetea nyoka mla panya asiwe mtu wa kulipuuza jeraha la mchuma kahawa aliyeumwa na moma.

Msaada wa kwanza ni mfupi kueleza. Aliyeumwa atulizwe, pete na bangili zivuliwe kabla ya uvimbe, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, na safari ianze. Kuchanja, kunyonya jeraha, kufunga kamba ya kukaza, kubandika jiwe jeusi au kumpa mgonjwa dawa za kienyeji hupoteza muda, na kamba iliyokazwa juu ya jeraha la moma huweza kuufanya mguu ukatwe.

Hoja ya Tano: Biashara huwahamisha reptilia kimyakimya

Jambo hili litapitiwa kwa haraka. Barani Asia yupo nyoka mdogo kipofu, mwembamba kama uzi wa kufumia na mwenye urefu usiozidi kiganja, anayeishi udongoni na kula mayai ya sisimizi na mchwa. Wote wanaojulikana ni majike, na huzaa bila dume. Kwa hiyo mmoja tu katika chungu cha maua anatosha kuanzisha kizazi. Amesambaa karibu kila nchi yenye joto kwa kusafiri ndani ya udongo wa miche, na pwani ya Afrika Mashariki anafahamika. Hana madhara. Lakini chatu wa Burma, aliyepelekwa Marekani kama mnyama wa kufugwa, ameangamiza mamalia wengi wa kinamasi cha Everglades huko Florida, hadi mwaka 2017 Wairula wawili wakaalikwa kutoka India kusaidia kumsaka.

Ukanda huu nao umetoa msafiri wake. Kinyonga wa Jackson, mwenye pembe tatu usoni kwa dume, ni mwenyeji wa nyanda za juu za Kenya, na hupatikana kwenye ua wa michongoma wa Kiambu. Mwaka 1972 baadhi yao walipelekwa Hawaii kwa biashara, wakatoroka au kuachiliwa, na leo wanaishi huko na kula konokono na wadudu wa visiwa hivyo ambao hawapatikani kwingine. Katika masimulizi ya Wakikuyu kinyonga ndiye aliyechelewesha ujumbe wa Mungu kwamba watu hawatakufa, na chuki iliyotokana na hapo bado humponza. Watoto wa shule wanaompiga mawe wanastahili kuambiwa kwamba mnyama huyo hana meno ya kumwumiza mtu wala sumu ya aina yoyote. Wenye vitalu vya miche kandokando ya barabara za Ruiru na Thika wanaombwa wakague udongo wanaoununua mbali, na wapenzi wa wanyama wasikubali kununua nyoka wa kigeni kwa ahadi ya muuzaji kwamba kibali kitafuata.

Kazi iliyo mbele

Mhadhara unakaribia mwisho wake, na yaliyobaki ni ya kutendwa. Asia imetoa funzo moja zaidi, na linahusu moja kwa moja vijana walioketi nyuma ya ukumbi huu. Katika eneo moja la kusini-mashariki mwa Nepal, watu walioumwa na nyoka walikuwa wakifia njiani. Madaktari wakapanga vijijini vijana wenye pikipiki, wakajitolea kumbeba aliyeumwa katikati ya dereva na msaidizi hadi kituo chenye dawa, na wanakijiji wakafundishwa kuacha kamba na kuchanja. Vifo vilishuka kutoka takriban 10 hadi chini ya 1 kwa kila watu 100 walioumwa. Pikipiki zilikuwa zilezile ambazo zimejaa katika kila njia panda ya Witeithie, Gatundu, Makongeni na Kihunguro.

Wahudumu wa bodaboda wa Thika na Ruiru hawahitaji kufundishwa njia. Wanachohitaji ni mafunzo ya siku moja ya kumbeba mgonjwa, orodha iliyobandikwa stendi inayotaja vituo vilivyo na kinzasumu wiki hiyo, na mtu wa kumlipia mgonjwa asiye na nauli. Hospitali ya Thika Level 5 na vituo vya kaunti vinaweza kutoa orodha. Vyama vya bodaboda vinaweza kuchagua watu wawili kwa kila stendi. Vyuo vikuu vilivyo Juja na Thika vina wanafunzi wa sayansi ya wanyama wanaoweza kuandika kwa miaka michache ni nyoka gani walioonekana, wapi, na katika mwezi gani, ili dawa inunuliwe kwa kufuata kumbukumbu na sio kwa kubahatisha. Shule za msingi nazo ziwe na picha ukutani za nyoka wanne: wa nyumbani, wa fuko, moma na swila. Walimu wakuu, wenyeviti wa stendi na wauguzi waliopo wanaombwa wabaki ukumbini baada ya kikao hiki, waandikishe majina yao, na wakubaliane siku ya kuanza kabla ya mvua ndefu.